Mstari Uliolala

Bati likishika hung'aa kama jicho la samaki mbichi,
likikataa hupauka.
Nilifundishwa hilo nikiwa na miaka kumi na tisa,
katika karakana ya redio mjini Zlín,
na halijanitoka.

Kwa hiyo Vratislav aliposema, "Otylie, waya wako mbovu,"
sikubishana. Nilichukua kioo cha kukuzia,
nikafungua kisanduku nilichokifunga mwenyewe nyuma ya kiti chake,
kidogo, kama pakiti ya siagi,
nikakagua viungo vyote arobaini na kimoja.
Vyote viling'aa. Vyote vilinitazama.

Ndege yenyewe ni nyekundu, ya mtu mmoja,
mbawa fupi. Ikiwa chini ni kaidi kama mbuzi,
ikiwa juu haina mifupa.
Ilizaliwa kwa ajili ya sarakasi tu,
sisi ndio tulioipeleka shule.
Chuo cha Brno kinataka kujua
damu ya rubani hukimbilia wapi anapovuta mpini,
uzito wake ukawa mara saba,
mashavu yakamshuka, hata kope ikawa mzigo.
Ndiyo maana kuna kibanio kwenye ndewe ya sikio lake,
taa ndogo inayochungulia damu ikipita,
na kihisi kwenye mpini, na kingine kwenye kanyagio,
kila kimoja kikiulizwa mara elfu kwa sekunde:
Upo? Upo? Upo?

Jumanne. Kanola imechanua,
njano tupu hadi kwenye uzio wa uwanja.
Sisi wa chini tuliona kitanzi kizuri,
labda kimechelewa kidogo kufunga mdomo.
Mzee Hynek alizima mashine ya nyasi akapiga makofi.

Mengine yalionwa na skrini.
Damu ya sikioni ilishuka, ikashuka,
kama maji ya beseni lililozibuliwa.
Na mkono wake, ule mkono
ambao hata akishika kikombe hautulii
(mkono wa mtu hai hautulii,
nimeutazama miaka sita kwa namba)
ukatulia.
Mstari ukalala.
Ndege ikaendelea peke yake, pua chini,
mita mia mbili na themanini juu ya maua,
halafu mstari ukaamka kwa kishindo, ukaruka,
kama mtu aliyepitiwa na usingizi kanisani.

Sekunde mbili na nne ya kumi.

Nilikaa na faili lile hadi taa za njia ya kurukia zikazimwa.
Ningeweza kuliita "hitilafu". Herufi nane.
Mtu wa miaka hamsini na saba,
mke alishahamia Ostrava,
vikombe vya ushindi vimekuwa vya kuwekea skrubu,
ukimnyang'anya anga utamwachia nini?
Nani angejua? Waya hauna mdomo.
Ila waya hauna pia haya ya kumsitiri mtu,
na mimi ndiye niliyeufundisha kusema.

Alikuja bila kubisha hodi, ameshika kofia.
"Nionyeshe."
Nikamwonyesha.
Aliweka kidole juu ya skrini, pale palipolala,
akakipitisha polepole
kama anapapasa kovu la mtu mwingine.
"Muda gani?"
Nikamtajia.
"Mbona mfupi hivyo," akasema.
"Mimi nilikuwa jikoni kwa mama, namenya njegere.
Nilimaliza bakuli zima.
Alikuwa ananiletea la pili."

Kwa hilo sina kihisi.

Niliandika jina la faili: tarehe, namba ya ndege,
jina lake, la kwanza na la ukoo.
Kitufe cha kutuma alikibonyeza mwenyewe,
kwa mkono uleule, unatetemeka.
Kisha akauliza kama mzee Hynek
anahitaji msaidizi wa kukata nyasi.